Maandishi ya rangi kwenye terminali: kazi ya C ni ipi, ya terminali ni ipi

Kuna swali ambalo halichoki kurudi kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa kompyuta hapa Mwanza, na kila linaporudi linaleta majibu yanayogongana. Mtu anauliza afanyeje ili programu yake ya lugha ya C iandike neno HITILAFU kwa rangi nyekundu. Wa kwanza anamwambia aongeze faili ya conio.h. Wa pili anasema conio.h ilishakufa zamani, atumie windows.h. Wa tatu, mtu wa mfumo wa Linux, anabandika alama zinazotisha kuziangalia tu, \033[31m, na kuondoka bila maelezo. Wa nne anahitimisha kwamba C ni lugha ya kizamani isiyokuwa na rangi, bora ahamie Python. Muulizaji anajaribu yote. Moja linakubali kwenye laptopu ya mwenzake anayeishi Malimbe, likifika kwenye ya kwake linagoma, na jioni anaamini kwamba mambo haya yana bahati nasibu ndani yake.

Hayana. Na majibu yote manne yana chembe ya ukweli, hata lile la mwisho. C haina rangi, hilo ni kweli tupu: kiwango cha lugha hiyo, yaani kanuni zake rasmi, tangu kile cha 1989 mpaka cha leo, hakina funksheni (amri iliyotengenezwa tayari) hata moja ya kuyapaka maandishi rangi. Lakini print ya Python nayo haina. Mwenye rangi ni terminali, na programu, iwe ya lugha gani, inaomba tu. Anayeelewa ombi hilo linapita wapi na nani analipokea anaweza kutatua karibu kila kitendawili cha rangi bila kumuuliza mtu.

Tuanze na maneno mawili. Terminali ni programu inayokufungulia dirisha la kuandikia amri. Kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ipo tayari, kwenye Windows ni dirisha linalofunguka ukiita cmd au PowerShell, na kwenye simu za Android wengi wanatumia Termux. Zamani terminali ilikuwa kifaa kizima, kioo na kibodi vilivyounganishwa kwa waya na kompyuta kubwa iliyokaa chumba kingine. Kazi yake ilikuwa kupokea baiti kutoka kwenye waya na kuchora herufi, basi. Dirisha la leo linaigiza kifaa kile, na kanuni nyingi zimebaki zile zile. Neno la pili ni hilo hilo, baiti: ni namba moja kati ya 0 na 255. Herufi A ni 65, B ni 66, nafasi tupu ni 32. Programu yako ikifika kwenye printf("Sato"), kinachotoka ni namba nne: 83, 97, 116, 111. Umbo la herufi, ukubwa wake na rangi yake havimo.

Kama kinachopita ni namba za herufi peke yake, ombi la rangi linapita wapi? Linapita mle mle, katikati ya herufi.

Mfikirie fundi anayeandika majina kwenye mitumbwi pale Mwaloni, Kirumba. Mwenye mtumbwi hakai naye siku nzima, anamtumia karatasi. Kwenye karatasi kuna maneno ya kuandikwa ubavuni, na katikati ya maneno hayo kuna maelekezo yaliyozungushiwa duara: kuanzia hapa tumia nyekundu. Fundi anayejua kazi haandiki maelekezo hayo kwenye mbao. Anabadilisha kopo la rangi na kuendelea na maneno yanayofuata. Tena ataendelea na nyekundu hiyo hiyo, jina, namba ya usajili na kila kitu, mpaka akutane na duara jingine linalomwambia arudi kwenye rangi ya kawaida. Programu ya C ndiyo mwenye mtumbwi, terminali ndiyo fundi, na duara ni baiti moja tu: namba 27, inayoitwa ESC, ile ile inayotumwa ukibonyeza kitufe cha Esc.

Ombi zima la nyekundu lina baiti tano. Ya kwanza ni ESC, inayosema "yanayofuata si ya kuandikwa". Ya pili ni mabano ya mraba, [, inayotangaza kwamba ni amri ya kundi kubwa la amri za kioo. Kisha tarakimu 3 na 1, yaani 31, namba ya nyekundu. Mwisho ni herufi m, inayofunga ombi na kueleza aina yake: linahusu mwonekano wa maandishi. Ungeweka J mahali pa m, ungekuwa unazungumzia kufuta kioo, si rangi. Programu kamili ni hii:

```c
#include <stdio.h>

int main(void)
{
    printf("Sato \033[31mwamekwisha\033[0m leo.\n");
    return 0;
}
```

Neno "wamekwisha" litatoka jekundu, na \033[0m inarudisha kila kitu kwenye kawaida. Hakuna maktaba ya ziada, hakuna kitu cha kupakua.

Hiyo 033 inawachanganya wengi, kwa hiyo tusiiruke. ESC haina umbo la kuchapika, ndiyo maana kwenye C unaiandika kwa namba yake, na C husoma tarakimu zinazofuata mkwaju wa nyuma kwa msingi wa nane. Ishirini na saba kwa msingi wa nane ni 33. Ndiyo sababu anayeandika \27 kwa kuamini ameandika ESC anapata baiti namba 23, ambayo terminali haina habari nayo, kisha anaona [31m imejiandika kwenye kioo. Utakutana pia na \x1b, ambayo ni 27 hiyo hiyo kwa msingi wa kumi na sita, na \e, ambayo GCC na Clang, kompaila (programu za kugeuza msimbo wa C kuwa programu inayoendeshwa), wanaikubali ingawa haimo kwenye kiwango cha C. Mimi nashauri \033 siku zote. Ile ya \x ina tabia ya kumeza kila tarakimu ya kumi na sita inayoifuata, ilhali ya msingi wa nane hukoma kwenye tarakimu ya tatu, hata ifuatwe na nini.

Alama hizi hazikutungwa na watu wa Linux. Kiwango cha ECMA-48, kinachopanga amri hizi za kioo, kilitoka mwaka 1976, Marekani ikapitisha cha kwake kupitia shirika la ANSI mwaka 1979, na jina la ANSI ndilo lililonata. Kampuni ya DEC ilitoa terminali ya VT100 mwaka 1978 ikifuata mpangilio huo, ikapendwa sana, na madirisha mengi tunayoyatumia leo bado yanaiiga. VT100 yenyewe haikuwa na rangi. Rangi zilikuja kukaa ndani ya mpangilio ule ule, kwa namba zilizopangwa vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Namba hizo zinaanzia 30 na kuishia 37: nyeusi, nyekundu, kijani, njano, bluu, zambarau, samawati, nyeupe. Wanafunzi wanazikariri kama orodha ya vikosi vya mpira, wakati zinajieleza zenyewe. Kioo kina mianga mitatu: nyekundu, kijani na bluu. Ipe nyekundu thamani ya 1, kijani 2, bluu 4. Nyekundu na kijani zikiwaka pamoja ni 1 + 2, yaani 3, na mchanganyiko wa mianga hiyo ni njano. Nyekundu na bluu ni 5, zambarau. Kijani na bluu ni 6, samawati. Zote tatu ni 7, nyeupe. Zote zikizimwa ni 0, nyeusi. Mbele yake weka 3 kwa rangi ya herufi, au 4 kwa rangi ya nyuma yake: 41 ni mandharinyuma mekundu, 44 ya bluu. Ukitaka zile zinazong'aa zaidi, herufi ni 90 hadi 97 na nyuma yake ni 100 hadi 107. Maombi yanaunganishwa kwa nukta mkato, hivyo \033[1;37;41m ni maandishi mazito meupe juu ya nyekundu. Namba 4 ikiwa peke yake ni mstari chini ya maandishi, na 7 inabadilishana rangi ya mbele na ya nyuma.

Hapa ndipo conio.h inapoleta kizaazaa, na inastahili nafasi yake kwa sababu bado imo kwenye notsi nyingi zinazopita mkono kwa mkono. Faili hiyo ilikuja na Turbo C, kompaila ya kampuni ya Borland ya enzi za MS-DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows. Ilikuwa na textcolor, textbackground na clrscr, na ilijua kuzungumza na kioo cha kompyuta za wakati ule moja kwa moja. Haijawahi kuwa sehemu ya lugha ya C. Kwenye Linux haipo kabisa. Baadhi ya kompaila za Windows zina faili yenye jina hilo hilo, lakini ndani yake textcolor hakuna, ndiyo maana mstari wa #include unapita salama na kosa linatokea mbele. Hata kwenye Turbo C yenyewe, textcolor iliathiri cprintf na kuiacha printf kama ilivyo, jambo ambalo notsi nyingi hazisemi.

Kuna mtego mwingine ndani yake. Kwenye mpangilio wa kompyuta za IBM, ambao Turbo C iliufuata na Windows ikaurithi, thamani za mianga zimegeuzwa: bluu ni 1, kijani ni 2, nyekundu ni 4. Kwa hiyo anayehamisha programu kutoka textcolor(4), iliyokuwa nyekundu, na kuandika \033[34m, anapata bluu. Namba 3 iliyokuwa samawati inakuwa njano. Kijani na zambarau zinabaki mahali pake, jambo linalomfanya mtu aamini kwamba uhamishaji umekubali nusu na terminali yake ni mbovu. Si mbovu. Ni mpangilio mmoja kusomwa kutoka kulia na mwingine kutoka kushoto.

Kwa upande wa Windows, jibu la wa pili kwenye kundi halikuwa uongo. Kwa miaka mingi dirisha la Windows halikuelewa maombi ya ESC kutoka kwa programu zake za kawaida, na njia ya kawaida ilikuwa funksheni ya SetConsoleTextAttribute iliyomo kwenye windows.h. Windows 10 ndiyo iliyobadilisha hali hiyo, ila kwa sharti: mara nyingi programu lazima iombe kwanza huduma hiyo iwashwe.

```c
#include <windows.h>

void washa_rangi(void)
{
    HANDLE h = GetStdHandle(STD_OUTPUT_HANDLE);
    DWORD hali = 0;
    if (GetConsoleMode(h, &hali))
        SetConsoleMode(h, hali | ENABLE_VIRTUAL_TERMINAL_PROCESSING);
}
```

Iite mara moja mwanzoni mwa main, na kuanzia hapo msimbo wako wa rangi ni ule ule wa Linux. Laptopu ya Malimbe na yako zilitofautiana hapo tu: moja fundi wake alikuwa ameamshwa, nyingine bado.

Ile ya system("color 4") iacheni, nasema kwa moyo mmoja. Inabadilisha rangi ya dirisha zima, pamoja na maandishi yaliyokwisha kutoka, na inaita amri ya Windows ambayo kwingine haipo. Aliyetaka neno moja jekundu anapata ukurasa mzima mwekundu.

Tukirudi kwenye C yenyewe, kuandika \033[31m kila mahali kunachosha na kunazaa makosa. Zipe majina:

```c
#define NYEKUNDU "\033[31m"
#define KIJANI   "\033[32m"
#define KAWAIDA  "\033[0m"

printf(NYEKUNDU "Dagaa wamebaki kidogo" KAWAIDA "\n");
```

Hii inakubali kwa sababu C huunganisha maandishi ya ndani ya alama za kunukuu yanayofuatana bila koma. Inafanya hivyo wakati wa kukompaili, na kwa maandishi ya moja kwa moja tu. Ukiwa na kigeu (sehemu ya kuhifadhi thamani) kiitwacho jina, printf(NYEKUNDU jina KAWAIDA) haitakompaili. Andika printf(NYEKUNDU "%s" KAWAIDA "\n", jina). Na angalia KAWAIDA imekaa wapi: kabla ya \n, alama ya kuanza mstari mpya. Ukiiweka baada yake huku umetumia rangi ya nyuma, terminali nyingi zitaijaza rangi hiyo hadi mwisho wa mstari unaofuata pale kioo kinaposogea juu, na utahangaika kutafuta ule utepe mwekundu umetoka wapi.

Tatizo ninaloliona linawapotezea watu muda mrefu zaidi ni la safu. Tuseme unatengeneza orodha ya akiba ya samaki, na jina linatakiwa kuchukua nafasi 12 ili namba zikae sawa chini kwa chini. Ukiandika printf("%-12s|", NYEKUNDU "Sato" KAWAIDA), safu inavunjika. Sababu ni kwamba printf inahesabu baiti, haijui zipi zitaonekana. NYEKUNDU ni baiti 5, Sato ni 4, KAWAIDA ni 4, jumla 13. Kwa printf nafasi 12 zimeshajaa na kupita, haiongezi hata nafasi tupu moja, wakati kwenye kioo zimeonekana herufi nne. Dawa ni kuitoa rangi nje ya kipimo:

```c
printf(NYEKUNDU "%-12s" KAWAIDA "|%6d\n", "Sato", 40);
```

Hapo %-12s inapima neno peke yake.

Jambo jingine linaonekana siku unapohifadhi matokeo. Unaendesha ./akiba > ripoti.txt, unafungua faili kwenye kihariri, na unakuta takataka kama ^[[31m zimetapakaa kila mstari. Fundi hakuwepo. Faili linanakili karatasi nzima, maneno na maduara pamoja, maana halina kopo la kubadilisha. Programu yenye adabu inauliza kwanza kama upande wa pili kuna terminali. Kwenye Linux, Mac na Termux funksheni ya kuulizia inaitwa isatty:

```c
#include <stdio.h>
#include <stdlib.h>
#include <unistd.h>

int rangi_inafaa(void)
{
    const char *z = getenv("NO_COLOR");
    if (z != NULL && z[0] != '\0')
        return 0;
    return isatty(STDOUT_FILENO);
}
```

NO_COLOR ni makubaliano ya watengenezaji wa programu: mtumiaji asiyetaka rangi anaiweka kwenye mazingira yake (mipangilio inayopewa kila programu anayoiendesha) mara moja, na kila programu inayoiheshimu inanyamaza. Kisha popote unapochapa, tuma NYEKUNDU ikiwa jibu ni ndiyo, na maandishi matupu "" ikiwa hapana. Nadhani hili ndilo linalotenganisha programu ya zoezi na programu ya kumkabidhi mtu.

Kuhusu vivuli vya rangi, msigombane. Namba 31 inasema "nyekundu", haisemi nyekundu ipi. Terminali ya xterm kwa kawaida huichora kwa viwango 205, 0, 0. Kadi za VGA za zamani zilitumia 170, 0, 0. Na mtumiaji anaweza kuibadilisha kwenye mipangilio mpaka iwe ya machungwa. Ukitaka kuchagua mwenyewe, \033[38;5;208m inachukua rangi namba 208 kutoka kwenye jedwali la rangi 256, ambamo 16 ni za msingi, 216 ni mchanganyiko wa ngazi sita za kila mwanga, na 24 ni vivuli vya kijivu. Na \033[38;2;255;120;0m inataja viwango vyenyewe vya nyekundu, kijani na bluu. Si kila terminali inaelewa hiyo ya mwisho. Mimi kwa kazi za kawaida ningebaki na zile nane, kwa sababu mtumiaji ameshazirekebisha ziendane na macho yake.

Kuna watakaokwambia kwamba kuongeza 1, yaani \033[1;31m, ndiyo njia ya kupata nyekundu inayong'aa. Inategemea. Terminali nyingine zinalichukua ombi hilo kama herufi nene, nyingine kama rangi kali zaidi, nyingine yote mawili. Ukitaka kung'aa, omba 91.

Epuka bluu ya 34 juu ya nyeusi. Kwenye chumba chenye giza inasomeka, lakini fungua laptopu barazani saa saba mchana, jua likiwa limeakisiwa na ziwa, na hutaona kitu. Njano juu ya nyeupe ni hivyo hivyo. Na usiiachie rangi peke yake ibebe maana. Wapo watu, wanaume zaidi ya wanawake, wasiotofautisha nyekundu na kijani vizuri, na programu inayoonyesha "imefaulu" na "imeshindwa" kwa rangi tu imewafungia mlango. Andika na neno lenyewe.

Ukikatisha programu kwa Ctrl+C katikati ya mstari mwekundu, KAWAIDA haitatumwa, na kila utakachoandika baada ya hapo kinaweza kuwa chekundu. Hakuna kilichoharibika. Andika reset ubonyeze Enter.

Kwa wasio na laptopu, na ni wengi, Termux inatosha kabisa: pkg install clang, kisha clang akiba.c -o akiba, na rangi zote za hapo juu zinatoka. Tovuti za kuendeshea C mtandaoni ni habari nyingine. Nyingi hazina terminali nyuma yake, zinamwaga baiti kwenye ukurasa, kwa hiyo kuona [31m pale hakumaanishi umekosea. Na kabla hujaanza kuufumua msimbo wako kwenye Linux au Termux, andika hii moja kwa moja kwenye dirisha, bila C:

```
printf '\033[31mSato\033[0m\n'
```

Ikitoka nyekundu hapo na isitoke kwenye programu yako, kosa liko kwenye programu. Isipotoka hata hapo, iache C ipumzike, kagua terminali.